Risasi Tano Hazitoshi

Mtu apitaye katikati ya jiji la Dar es Salaam, mahali Barabara ya Samora inapokutana na Mtaa wa Azikiwe, hana budi kuizunguka sanamu ya Askari. Sanamu hiyo ilizinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliotumika katika Vita Kuu ya Kwanza, askari kwa wapagazi. Askari wa shaba ameinama kidogo, bunduki mikononi, na singe yake imeelekea bandarini. Mwendo mfupi upande wa magharibi ndipo ilipo Kariakoo, ambayo jina lake ni matamshi ya Kiswahili ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza kilichopiga kambi hapo baada ya jiji kutwaliwa mwezi Septemba 1916. Wapagazi hao walibeba chakula, dawa, na masanduku ya risasi. Makumi ya maelfu yao hawakurudi makwao.

Ajabu ni kwamba vita hivyo hivyo vilileta katika pwani ya Tanga swali moja la kisayansi ambalo hadi leo huwasumbua walenga shabaha wa mashindano. Swali lenyewe ni hili: mtu akiwa na fungu la risasi zilizojazwa upya kwa mkono, atajuaje kuwa ni nzuri?

Tarehe 14 Aprili 1915 meli ya Kijerumani iliyoitwa Rubens, ikisafiri kwa jina la bandia la Kronborg na kujifanya ya Kidenmaki, iliingia Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, huku ikifukuzwa na manowari ya Kiingereza Hyacinth. Nahodha Carl Christiansen aliiendesha hadi kwenye maji haba. Ilipigwa mizinga ikawaka moto, na Waingereza wakaondoka wakiamini kuwa imekwisha. Lakini shehena iliyokuwa chini, pamoja na bunduki na risasi nyingi mno, ilibaki ndani ya maji ya chumvi, na baada ya hapo ilianza kuopolewa kidogo kidogo.

Jeshi la Kijerumani lilizihitaji sana risasi hizo. Katika mapigano ya Tanga ya Novemba 1914 askari wengi walikuwa bado na bunduki za mwaka 1871 zilizotumia baruti nyeusi. Kila bunduki ilipolia, wingu la moshi lilimwonyesha adui mahali alipo mpigaji. Risasi za Manza zilikuwa za bunduki mpya zisizotoa moshi wa namna hiyo. Tatizo ni kwamba zilikuwa zimelowa.

Ili kulielewa tatizo hilo, yafaa kukumbuka kuwa kile kiitwacho risasi kwa maneno ya kila siku ni vitu vinne vilivyounganishwa. Kuna ganda la shaba. Kuna fataki iliyopachikwa kwenye kitako cha ganda. Kuna baruti ndani yake. Na kuna kichwa, ambacho ndicho hasa kitokacho mtutuni. Pini ya bunduki huigonga fataki, fataki hutoa cheche, cheche huwasha baruti, na gesi ya baruti hukisukuma kichwa. Ganda lililobanwa vizuri huzuia unyevu, ila si kwa majuma mengi baharini. Chumvi ilikula fataki na maji yaliharibu baruti. Jenerali Lettow-Vorbeck, aliyeliongoza jeshi hilo, alieleza katika kumbukumbu zake kuwa idadi ya risasi zisizolia ilizidi kupanda kadiri siku zilivyopita, hata ikabidi risasi zifumuliwe, baruti isafishwe, na fataki nyingine zibadilishwe. Kisha zikajaribiwa kwa kupigwa. Zile za mafungu yaliyothibitika kuwa mazuri ziliwekwa kwa ajili ya bunduki za rashasha, ambazo husimama kabisa risasi moja ikigoma. Za wastani zikapewa askari wa bunduki za kawaida. Na zile mbovu zaidi zikatumiwa kwa mazoezi.

Hesabu ya risasi zisizolia

Mwanafunzi wa hisabati atauliza papo hapo: zilijaribiwa ngapi? Hilo ndilo swali zuri kuliko yote, kwa sababu kupima risasi ni kuimaliza. Yai la Kariakoo laweza kuangaliwa kwenye mwanga wa taa na kurudishwa trei. Risasi ikijaribiwa imekwisha, ilie isilie. Kwa jeshi lililozungukwa, lisilo na njia ya kupata nyingine, kila risasi ya jaribio ilikuwa imepunguzwa kwenye mkoba wa askari fulani.

Chukulia kuwa fungu moja lina risasi mbovu 1 katika kila 5. Fundi anachomoa risasi 5 bila kuchagua na kuzipiga. Uwezekano kwamba zote 5 zitalia ni 0.8 ikizidishwa kwa yenyewe mara tano, yaani 0.33. Kwa maneno mengine, mara moja katika kila tatu fundi huyo ataliandika fungu hilo kuwa halina dosari. Askari atakayepewa risasi hizo atakwenda nazo porini akiamini hivyo, na atakapovuta kiwambo mbele ya adui, katika kila risasi tano moja itatoa mlio mdogo wa pini tu.

Akijaribu risasi 10, uwezekano wa kudanganyika hushuka hadi karibu 0.11. Akijaribu 20, ni kama 0.01. Walimu wanaweza kuwaachia wanafunzi waendelee na hesabu hiyo kwa mafungu yenye risasi mbovu 1 kati ya 20. Wataona kwamba sasa risasi 20 hazitoshi hata kidogo, maana uwezekano wa zote kulia ni 0.36. Ipo kanuni fupi ya kukumbukwa: ikiwa risasi zilizojaribiwa zote zimelia, gawanya 3 kwa idadi ya risasi hizo. Jibu ni kiwango cha juu cha ubovu ambacho bado chaweza kuwamo, kwa uhakika wa asilimia 95 hivi. Risasi 60 zilizolia zote zinamruhusu mtu kusema kuwa mbovu hazizidi 5 katika 100. Hazimruhusu kusema kuwa hakuna mbovu hata moja.

Kutoka mlio hadi tundu

Mlenga shabaha wa leo hana shida ya Manza. Katika nchi nyingi za Ulaya, Marekani na Afrika Kusini wapo watu ambao, kwa mujibu wa sheria, hujaza risasi zao wenyewe kwa ajili ya mashindano, na karibu zote hulia. Wao hutafuta kitu kingine: kwamba kila risasi ifanane na mwenzake mno hata matundu kwenye karatasi yaangukie mahali pamoja. Katika shindano la mita 300 duara la alama 10 lina kipenyo cha sentimita 10 tu, yaani halizidi sana mdomo wa kikombe cha chai. Mlengaji hubadilisha aina ya kichwa, ya baruti, au kina ambacho kichwa huingizwa kwenye ganda, kisha hupiga na kutazama. Bunduki hulazwa juu ya mifuko ya mchanga ili mikono iwe na makosa machache iwezekanavyo.

Hapa panahitaji uangalifu wa maneno. Usahihi una sehemu mbili. Ya kwanza ni mahali kilipo kitovu cha matundu ukilinganisha na mahali palipolengwa. Kosa hilo hurekebishwa kwa kuzungusha parafujo za kilengeo. Ya pili ni mtawanyiko wa matundu kuzunguka kitovu chao, nao haurekebishwi kwa parafujo yoyote. Mizani ya muuza mchele iliyopinda, ambayo kila mara huongeza gramu 50, ina kosa la namna ya kwanza, na mkaguzi wa vipimo aweza kuisahihisha. Mizani ambayo mara huongeza na mara hupunguza haina dawa isipokuwa kubadilishwa. Anayejaribu risasi hutafuta kujua mtawanyiko.

Desturi iliyoenea ni kupiga risasi 5, kupima umbali kati ya matundu mawili yaliyo mbali zaidi, kisha kubadilisha kitu kimoja na kupiga 5 nyingine. Karatasi moja ikionyesha sentimita 2.3 na ya pili sentimita 3.8, mlengaji hufurahi na kutangaza kuwa risasi za kwanza ndizo bora. Furaha hiyo aghalabu haina msingi.

Sababu yake ni hii. Chukulia bunduki na risasi ambazo mtawanyiko wake, yaani kile ambacho wanahisabati hukiita mchepuko sanifu, ni sentimita 1 kwa wima na sentimita 1 kwa ulalo. Risasi 5 zikipigwa mara nyingi sana bila kubadilisha chochote, umbali wa matundu mawili ya mwisho utakuwa na wastani wa sentimita 3.1. Lakini umbali huo hautulii. Utapanda na kushuka kwa kiasi cha sentimita 0.8 hivi juu na chini ya wastani wake, na mara nyingine zaidi ya hapo. Basi karatasi ya sentimita 2.3 na ile ya 3.8 zaweza kabisa kutoka kwenye sanduku moja, siku moja, kwa mpigaji yule yule. Mtu anayelinganisha aina kumi za risasi kwa kupiga tano tano, kisha akachagua karatasi nzuri kuliko zote, huenda amechagua bahati akaipa jina la ufundi. Wako walengaji wanaotembea na karatasi kama hiyo mfukoni kwa miaka, na hapana anayewauliza karatasi nyingine tisa ziko wapi.

Kuna mtego wa pili. Idadi ya risasi ikiongezeka, umbali wa matundu ya mwisho nao huongezeka, ingawa risasi ni zile zile. Kwa mfano uliotajwa, risasi 3 hutoa wastani wa sentimita 2.4, na risasi 10 hutoa 3.8. Kwa hiyo mtu aliyepiga 3 hawezi kulinganishwa na aliyepiga 10. Kipimo hicho kina ubaya pia wa kutumia matundu mawili tu na kuyatupa mengine yote, kana kwamba hayakugharimu kitu. Ni afadhali kutafuta kitovu cha matundu yote, kupima umbali wa kila tundu kutoka kitovu hicho, na kuchukua wastani wake. Kazi ni ndefu kidogo kwa rula na kalamu, lakini kila risasi hupewa haki ya kusema. Na anayetaka kupunguza mashaka yake kwa nusu hana budi kuzidisha idadi ya risasi mara nne. Kanuni hiyo ni ngumu kwa mfuko, wala hakuna werevu wa kuikwepa.

Namna ya kupiga ina uzito sawa na idadi. Mtutu hupata joto, mpigaji huchoka, na mahali kama Dar es Salaam upepo wa baharini huzidi kadiri jua linavyopanda. Hata baruti yenyewe, ikipata joto, kwa kawaida huisukuma risasi kwa kasi zaidi. Aliyemaliza fungu la kwanza saa mbili asubuhi na la pili saa sita mchana amelinganisha asubuhi na mchana. Iliyo bora ni kupiga risasi moja ya fungu la kwanza, moja ya fungu la pili, kwa zamu, kila fungu likiwa na karatasi yake. Bora zaidi ni msaidizi kumkabidhi mpigaji risasi bila kumwambia ni za fungu gani, kama ilivyo desturi ya madaktari wanapojaribu dawa mpya. Na tundu lililoruka mbali na wenzake lisifutwe kwa kisingizio kuwa mkono uliteleza. Kama mkono uliteleza, mpigaji aseme kabla hajatazama karatasi.

Pythagoras na mvutano wa dunia

Mtawanyiko unaoonekana kwenye karatasi si wa risasi peke yake. Umo pia wa mpigaji. Vyanzo viwili vya makosa visivyohusiana havijumlishwi kama shilingi na shilingi. Hujumlishwa kama pande za pembetatu yenye pembemraba. Mtawanyiko wa mpigaji ukiwa sentimita 2 na wa risasi sentimita 1.5, jumla yake ni kipeuo cha pili cha 4 na 2.25, yaani sentimita 2.5. Mpigaji huyo akihangaika mwezi mzima hata akaupunguza mtawanyiko wa risasi kwa nusu, ukawa 0.75, jumla itakuwa 2.14. Nusu ya kosa la risasi imeondolewa, na karatasi imebadilika kwa kiasi ambacho jicho halitaweza kukitambua. Ingemfaa zaidi kujifunza kupumua.

Hata hivyo lipo kosa la risasi ambalo halionekani katika umbali mdogo na huharibu kila kitu katika umbali mkubwa, nalo ni tofauti ya kasi. Risasi, tangu itokapo mtutuni, huanguka kama jiwe lolote. Kwa hesabu ya kidato cha tatu, isiyozingatia mambo yote ya hewa, anguko ni nusu ya 9.8 ikizidishwa kwa mraba wa muda. Risasi yenye kasi ya wastani ya mita 750 kwa sekunde hutumia sekunde 0.4 kufika mita 300, na huanguka sentimita 78. Nyingine iliyo pungufu kwa asilimia 2 huanguka sentimita 82 hivi. Tofauti ni sentimita 3, ambayo hujificha katika makosa mengine. Sasa shabaha isogezwe hadi mita 900, na kasi ya wastani iwe 550 kwa sababu hewa imeipunguza. Muda ni sekunde 1.64, na anguko ni mita 13.1. Iliyo pungufu kwa asilimia 2 huanguka mita 13.7. Tofauti imekuwa zaidi ya nusu mita. Ndiyo maana walengaji wa masafa marefu hupima kwa mashine kasi ya kila risasi, wala hawaridhiki na matundu yaliyokusanyika vizuri katika mita 100.

Jaribio la darasani

Nchini Tanzania silaha na risasi husimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kutengeneza risasi bila kibali ni kosa la jinai. Mwalimu hana haja ya bunduki. Mambo yote yaliyoelezwa hapo juu, isipokuwa mlio, yanaweza kuonekana juu ya meza kwa vitu vinavyonunuliwa Kariakoo kwa fedha kidogo: gololi ya kioo, karatasi ya kaboni, karatasi nyeupe, na kipande cha reli ya pazia. Reli ikikosekana, mwanzi uliopasuliwa unafaa. Kwa wanaotaka gololi ya chuma, mafundi wa Gerezani hutupa beringi mbovu kila siku.

Reli hukunjwa ili iteremke kisha iishie ikiwa imelala sawa na ukingo wa meza, na hufungwa imara, kwa kuwa reli inayotikisika ni sawa na bunduki isiyo na mfuko wa mchanga. Gololi huachiliwa, bila kusukumwa, kutoka sentimita 15 juu ya ukingo. Meza ya kawaida ina kimo cha sentimita 80 hivi, na gololi itaanguka sakafuni zaidi kidogo ya nusu mita kutoka chini ya ukingo. Hapo ndipo pa kuweka karatasi nyeupe na juu yake kaboni. Kila pigo litaacha doa.

Kimo cha kuachilia kina kazi ile ile ya kipimo cha baruti. Kosa la milimita 1 katika kimo husogeza doa kwa karibu milimita 2, na mwanafunzi mwenye mkono mzito atayaona madoa yake yakijipanga kwa mstari kuelekea mezani. Darasa lipige gololi 5, libadilishe karatasi, lipige 5 nyingine, hadi karatasi 10 zipatikane bila kubadilisha kitu chochote. Karatasi zipangwe ukutani kutoka mkusanyiko mdogo hadi mkubwa, na mgeni aulizwe ni ipi iliyopigwa kwa gololi bora. Baada ya kujibu, aambiwe. Kisha madoa yote 50 yanakiliwe kwenye karatasi moja, kila karatasi ikiwekwa pale pale ilipokuwa sakafuni, ili darasa lione umbo halisi la mtawanyiko ambao karatasi kumi zilikuwa zikiusimulia vipande vipande.

Hatimaye gololi ya kioo ilinganishwe na ya chuma, kwa zamu, moja moja, mwanafunzi anayeachilia akipokea gololi kutoka kwa mwenzake akiwa amefumba macho. Aliye karibu na karatasi aandike kila pigo katika daftari kwa utaratibu wake, pamoja na gololi zile zilizoangukia nje ya karatasi.